Kuvuta karavani nzito kwa pikapu ya dizeli Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, simu yangu hujaa maswali yale yale kutoka kwa Waswahili wenzangu walioko huku Marekani. Mmoja kapata karavani ya mkono wa pili kwa bei ya kutupa, mwingine kaonyeshwa pikapu na kuambiwa "hii inavuta hata nyumba". Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Maswali yana namba ili nikikuelekeza kwingine usipotee. Vipimo ni vya huku: paundi, futi, maili na galoni. Paundi 1,000 ni karibu kilo 450, hesabu nyingine utafanya mwenyewe.

## Kabla ya kununua

1. Ukisema karavani nzito, unamaanisha ipi?

Ninazo mbili kichwani. Ya kwanza ni ile inayoning'inia kwenye mpira wa chuma nyuma ya bampa, kama tela la kawaida. Zilizo nzito kati ya hizi hufika paundi 8,000 hadi 10,000, na nyingine huzidi.

Ya pili ni ile yenye pua iliyoinuka, ambayo pini yake nene hushuka na kushikwa na kufuli lililofungwa ndani ya bodi la pikapu, juu kidogo ya ekseli ya nyuma. Ni mtindo ule ule wa semitrela za Bandari ya Dar es Salaam, ila umepunguzwa. Hapa nitaiita karavani ya pini. Hizi ndizo zinazofika paundi 14,000 na zaidi, zina vyumba vinavyochomoza pembeni, jiko kamili na wakati mwingine mashine ya kufulia. Maswali mengi hapa ni yake.

2. Lazima iwe dizeli?

Kwa tela la paundi 6,000 unalovuta mara mbili kwa mwaka kwenye tambarare, hapana. Petroli itakutosha na matengenezo yatakuwa nafuu.

Kwa safari ndefu yenye milima, dizeli inajilipa kwa mambo matatu. Nguvu yake ya msokoto hupatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, kwa hiyo haipigi kelele ya kuomba msaada kila kilima. Tabo inaisaidia kupumua kwenye miinuko ya Colorado ambako injini ya petroli isiyo na tabo hupungukiwa na pumzi. Na la tatu, ambalo wengi hawalifikirii wakiwa dukani, ni breki ya ekzosi, inayobana njia ya moshi ili injini yenyewe izuie gari: swali la 12 lote linategemea hiyo.

Chaguo ni chache: Ford Super Duty yenye Power Stroke ya lita 6.7, Ram yenye Cummins ya lita 6.7, na Chevrolet au GMC yenye Duramax ya lita 6.6. Ubishi wa ipi ni bora ni kama Simba na Yanga, na mimi siuingilii. Zote zinavuta kuliko utakavyohitaji.

3. Muuzaji ameniambia pikapu yangu inavuta paundi 20,000. Karavani ina 14,000 tu. Tatizo liko wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo linalowagharimu watu fedha. Muuzaji hakudanganya. Amekujibu swali la kuvuta, wakati linalokuhusu zaidi ni la kubeba.

Kuvuta ni kazi ya injini na giaboksi. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli, rimu na matairi ya nyuma. Karavani ya pini huegemeza sehemu ya uzito wake juu ya pikapu, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 25. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo uliopakia kwenye bodi, sawa na magunia ya mahindi.

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko chenye rangi ya njano kinachosema jumla ya watu na mizigo isizidi paundi kadhaa. Namba hiyo ni ya gari lako hilo hilo, lilivyotoka kiwandani. Ile ya kwenye tangazo ni ya gari lililoandaliwa lipendeze.

Tuchukue pikapu ya dizeli ya daraja la 2500 (hiyo ni namba ya daraja la ubebaji, si paundi; 3500 hubeba zaidi), kibandiko kinasema 2,100. Baba, mama na watoto watatu: tuseme 650. Kufuli la pini lenyewe, 150. Kuni, jiko la mkaa na kisanduku cha vifaa, 100. Umebakiwa na 1,200. Sasa ile karavani ya 14,000 ikiegemeza asilimia 22, inakulalia na 3,080. Umezidisha kwa 1,880, karibu kilo 850, na injini haitakuambia chochote. Itapanda mlima ikipiga mluzi.

Kichekesho ni kwamba injini ya dizeli ni nzito, hivyo pikapu ya daraja hilo hilo yenye petroli mara nyingi hubeba zaidi. Ndiyo maana wenye karavani za pini huishia daraja la 3500.

Na usitumie uzito mtupu ulioandikwa kwenye karavani. Tumia ule wa juu kabisa unaoruhusiwa, wenye herufi GVWR kwenye kibandiko chake. Ukishapakia vyombo, nguo, baiskeli na debe la unga wa ugali, utaukaribia kuliko unavyodhani.

4. Nichukue yenye tairi mbili nyuma au nne?

Nne zinabeba zaidi na zinatulia kwenye upepo. Pia ni kero mjini, haziingii vizuri kwenye mashine za kuoshea magari, na unanunua matairi sita. Ukifanya hesabu ya swali la 3 na pini ikazidi paundi 3,500 hivi, acha ubishi uchukue nne. Chini ya hapo, pikapu ya daraja la 3500 yenye tairi mbili nyuma inatosha familia nyingi.

## Mizani

5. Nitapima wapi, na nitasomaje karatasi?

Nenda kwenye vituo vikubwa vya malori kando ya barabara kuu, utafute kibao cha CAT Scale. Mizani ina majukwaa yaliyopangana. Ekseli ya mbele ya pikapu ikae kwenye la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, na magurudumu ya karavani kwenye la tatu. Unaweza kulipa kwa programu yao ya simu, na ninakushauri ufanye hivyo, kwa sababu kile kitufe cha kuzungumza na karani kimewekwa urefu wa dirisha la lori. Utamwona mtu wa pikapu amesimama kwenye ngazi ya mlango akikifikia kwa fimbo ya ufagio. Mimi nimekuwa mtu huyo.

Pima mara mbili: ukiwa na karavani, kisha uiache pembeni urudi na pikapu peke yake, familia ikiwa ndani. Kupima tena ndani ya saa 24 ni bei ndogo.

Karatasi zangu za mwisho zilikuwa hivi. Na karavani: mbele 5,000, nyuma 6,900, karavani 11,200. Pikapu peke yake: mbele 4,900, nyuma 3,700. Kwa hiyo pikapu ilitoka 8,600 ikawa 11,900, na tofauti ya 3,300 ndiyo inayoegemezwa na pini. Karavani yote ni 11,200 ukijumlisha 3,300, yaani 14,500. Pini ni karibu asilimia 23, pazuri.

Tazama sasa ekseli ya nyuma: 6,900. Kibandiko cha pikapu yangu kinairuhusu 7,000. Nimebakiwa na paundi mia moja, uzito wa mtoto wa darasa la sita. Bila mizani nisingejua, maana gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. Baada ya siku hiyo jenereta ilibaki nyumbani.

6. Nisafiri na maji kwenye tangi?

Galoni moja ya maji ina paundi 8.3. Tangi la galoni 60 ni paundi 500 unazovuta bure hadi mahali ambapo maji yapo bombani. Beba galoni kumi za kunawa na kuflashi njiani, isipokuwa kama unakwenda kulala porini. Matangi ya maji machafu yamwagwe kwenye kituo chake kabla ya kuondoka. Nami sitaeleza zaidi, wengine mnasoma mkiwa mezani.

Angalia pia tangi lilipo. Likiwa nyuma ya ekseli za karavani, kulijaza kunapunguza uzito wa mbele, na hapo rudi kwenye swali la 9.

## Kuunganisha na breki

7. Kuna utaratibu gani wa kuunganisha bila kusahau kitu?

Utaratibu ni wowote mradi uwe ule ule kila siku na usiongeleshwe katikati. Mke wangu akiniona nimeinama pale nyuma, huwazuia watoto wasinisogelee.

Kwa karavani ya pini mimi huanza na kabari kwenye magurudumu ya karavani. Nashusha mlango wa nyuma wa bodi, kwa kuwa pua ya karavani imeshapinda milango mingi kuliko ajali. Naweka urefu: sahani ya pini iguse sahani ya kufuli na kuinuliwa kidogo nalo. Narudi polepole mpaka kufuli lijifunge, kisha nashuka na tochi kutazama kwa macho kwamba taya zimeizunguka pini. Sauti ya "kla!" haitoshi.

Halafu naunganisha waya wa umeme wa matundu saba, na kile kikamba cha dharura ambacho kikichomoka huamuru karavani ijifunge breki yenyewe kwa betri yake. Kikamba kifungwe kwenye pikapu. Ukikifunga kwenye kufuli, kufuli likichomoka vyote viwili vitaondoka pamoja na breki hazitafunga.

Sasa jaribio ambalo halirukwi: miguu ya mbele ya karavani ikiwa bado inagusa ardhi na kabari zipo, nashikilia breki za karavani kwa mkono na kuivuta mbele kidogo. Ikikataa, imeshika. Ikiachia, itaanguka kwenye miguu yake. Asiyefanya hivyo huiangusha juu ya kingo za bodi, na bili yake huanza kwenye maelfu.

Mwisho ni kuinua miguu, kutoa kabari, kufunga mlango wa bodi na kumtuma mtu akague taa. Utingo wangu ana miaka kumi na moja na hajawahi kukosea.

8. Breki za karavani ninaziwekaje?

Pikapu nyingi za daraja hili zina kidhibiti kwenye dashibodi, chenye namba na kijiti cha kubana kwa vidole. Tafuta uwanja mtupu, nenda maili 25 kwa saa, bana kijiti bila kukanyaga pedeli. Karavani inatakiwa ikuvute nyuma kwa nguvu bila matairi yake kukwama na kuburuzika. Yakiburuzika, punguza namba. Isipovuta, ongeza. Rudia ukishapakia, kwa kuwa karavani tupu na iliyojaa hazitumii namba moja.

Ikigoma hata kwenye namba ya juu, breki zenyewe zinahitaji fundi, na safari isubiri.

9. Tela likianza kuyumba mkia nifanye nini?

Kwanza lile usilolifanya: usikanyage breki ya pikapu kwa hofu, na usipigane na usukani kushoto kulia. Achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, na ubane kijiti cha breki za tela (swali la 8). Tela likifunga breki peke yake linajinyoosha kama kamba iliyovutwa.

Ukishasimama salama, tafuta sababu. Kwa tela la mpira wa nyuma, ulimi unatakiwa uegemeze asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la 9,000 lilale na 900 hadi 1,350. Pungufu ya hapo mkia una mzigo mwingi na utapepea. Vile vyuma vya kugawanya uzito vinavyounganishwa pembeni mwa mpira vinasaidia sana kurudisha uzito kwenye ekseli ya mbele, ila havitibu upakiaji mbaya. Karavani ya pini huyumba mara chache zaidi kwa sababu ya mahali inapoegemea.

## Matairi

10. Matairi ya karavani yangu yana kashata nzuri kabisa. Kwa nini unasisitiza nibadilishe?

Kwa sababu matairi ya karavani hayafi kwa kulika. Yanakufa kwa uzee, jua na kusimama miezi minane bila kuzunguka.

Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, ufuate hadi tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi hubadilisha mwaka wa tano au wa sita hata yakiwa na kashata za kutosha kwenda Cape Town. Nilijifunza kwa gharama. Karavani yangu ya kwanza nilimnunulia mzee mmoja aliyeiweka safi kama mpya. Matairi yalikuwa na miaka saba. Kwenye I-40 magharibi ya Amarillo, jua la Julai, moja likabasti. Tairi lenyewe si hasara kubwa. Ule utepe wa mpira uliochanika ulipiga sakafu kama mjeledi, ukatoboa ubao, ukakata waya na bomba la maji chini ya jiko. Tulimaliza safari kwa kunywa maji ya chupa.

Matairi ya tela yameandikwa ST. Saizi iliyozoeleka, ST235/80R16 ya daraja E, hubeba paundi 3,520 kila moja ikiwa na upepo wa psi 80. Zidisha kwa manne upate 14,080, ulinganishe na ile namba ya jukwaa la tatu kwenye swali la 5. Ukiona nafasi iliyobaki ni finyu, panda daraja moja, baada ya kuhakikisha rimu zinaruhusu upepo huo.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Baada ya saa mbili barabarani namba itapanda, na hiyo ni kawaida, usipunguze. Nunua vifaa vile vinavyofungwa kwenye valvu na kutuma taarifa kwenye kiskrini mbele ya dereva: pikapu ya dizeli ina nguvu kiasi kwamba unaweza kuburuza tairi la karavani lililoisha upepo kwa maili kadhaa bila kuhisi. Kila tairi pia lina kikomo chake cha spidi, na mengi ya zamani yalitengenezwa kwa maili 65 kwa saa tu.

## Barabarani

11. Spidi gani, na maili ngapi kwa siku?

Mimi huenda 62 hadi 65. California, gari lolote linalovuta tela mwisho wake ni 55, hata wenzako wa kawaida wakiwa na 70, na njia yako ni ya kulia.

Kuna kanuni ya 3-3-3 ambayo wenye karavani huku huipenda: maili 300 kwa siku, ufike saa tisa alasiri, ukae siku tatu. Hiyo ya kukaa siku tatu ni ya wastaafu, sisi wenye likizo ya wiki mbili hatuiwezi. Maili 300 ninaikubali. Kutoka Dallas hadi Denver, karibu maili 800, vijana watakuambia ni siku moja. Kwa karavani nzito ni siku tatu, ama mbili za kuchosha. Kufika saa tisa kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu rivasi ya usiku kwenye kambi usiyoijua ndiyo chanzo cha ndoa nyingi kutikisika.

12. Ninaogopa kushuka milima. Nifanyeje?

Kuogopa ni mwanzo mzuri. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori linalonuka breki anajua ninachosema, na Wakenya wanaikumbuka Salgaa, ambako malori yaliyoachiwa yateremke bila gia yaliua watu wengi. Fizikia ya huku ni ile ile.

Barabara ya I-70 magharibi ya Denver hupanda hadi handaki la Eisenhower, futi 11,158, yaani kama mita 3,400, juu kuliko kambi ya Mandara ya Kilimanjaro. Kutoka hapo mteremko unafika asilimia 7 kwa maili kadhaa. Kuna Monteagle kwenye I-24 kule Tennessee, na Cabbage Hill kwenye I-84 mashariki ya Pendleton, Oregon, yenye kona za kujikunja.

Kazi inafanyika kabla ya kilele. Washa hali ya kuvuta kwenye giaboksi, washa breki ya ekzosi, na upunguze spidi ukiwa bado juu. Ukianza kushuka na 45 utaweza kubaki na 45. Ukianza na 65 ukitumaini kupunguza katikati, unaomba msaada kwa breki zilizokwisha kupata moto.

Acha injini ifanye kazi. Itanguruma, mshale wa mizunguko utapanda, abiria watakutazama. Mradi haujaingia eneo jekundu, ni sawa, hapo hakuna mafuta yanayoungua. Spidi ikizidi uliyoipanga, kanyaga breki kwa uthabiti hadi ishuke maili tano chini yake, kisha achia kabisa zipoe. Usiziegemee kidogo kidogo mteremko mzima. Ukinusa harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama, na breki zikikataa kabisa, zile njia za kokoto za malori zilizoko pembeni ni zako pia. Karavani itaharibika. Ninyi mtatoka.

Kupanda hakunipi shida: njia ya kulia, taa za tahadhari ukishuka chini ya maili 40 hivi, jicho kwenye joto la maji na la mafuta ya giaboksi.

13. Upepo ni hatari kiasi gani?

Karavani ni tanga la jahazi lisilo na nahodha. I-80 kule Wyoming, hasa kati ya Laramie na Rawlins karibu na Elk Mountain, hufungwa mara kwa mara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu, na karavani ni mojawapo hata kama unaiona nzito. Angalia taarifa za barabara za jimbo asubuhi. Wakifunga, lala.

14. Nijaze dizeli wapi, na lile tundu la kifuniko cha buluu ni la nini?

Ukivuta paundi 14,000, tarajia maili 8 hadi 11 kwa galoni. Tangi la galoni 32 linakupa maili kama 300 kabla ya kukauka, kwa hiyo tafuta sheli likifika robo. Sheli za kawaida zina kona zinazobana, ndiyo maana wengi hujaza upande wa malori. Huko mpini ni mnene na mafuta hutoka kwa kasi, ubane polepole la sivyo povu litakumwagikia viatuni.

Usiamini rangi. Mpini wa dizeli mara nyingi ni wa kijani, lakini sheli za BP hutumia kijani kwa petroli. Soma neno lenyewe.

Kifuniko cha buluu ni cha kimiminika kiitwacho DEF: maji safi na urea ya asilimia 32.5, kinachosafisha moshi. Kikiisha, gari hujipunguzia nguvu kwa makusudi. Pampu za malori huwa nacho, bei yake ni ndogo kuliko madumu ya dukani. Usikimimine kamwe kwenye tangi la dizeli. Ukikosea, usiwashe hata swichi, piga simu uvutwe. Injini ikishakinyonya, mfumo mzima wa pampu na nozeli unaweza kubadilishwa.

15. Nitajuaje kama nitapita chini ya daraja?

Pima mwenyewe kwa futi, kutoka ardhini hadi juu ya kiyoyozi cha paa, ukiwa umeunganisha. Karavani za pini hufika futi 13 kwa urahisi. Andika namba hiyo mbele ya dereva.

Ramani ya kawaida ya simu haijui urefu wako. Itakuingiza kwenye zile barabara za bustani (parkways) za New York ambako matela hayaruhusiwi na madaraja ni ya chini, au Storrow Drive ya Boston, ambayo kila mwaka huchuna paa za malori ya kuhamia nyumba. Lipia ramani ya malori au ya karavani.

Mitungi ya gesi nayo ina sheria zake. Mahandaki mawili ya Baltimore, Harbor na Fort McHenry, hayapokei karavani zenye mitungi inayozidi paundi 10, na yetu huwa ya 20 au 30. Zamani tulikwepa kwa daraja la Francis Scott Key, ambalo liliangushwa na meli tarehe 26 Machi 2024. Kwa hiyo zunguka I-695 kwa upande wa magharibi ya jiji.

16. Usiku wa njiani tunalala wapi?

Baadhi ya Walmart huruhusu, lakini uamuzi ni wa meneja wa duka na wa sheria za mji, ingia uulize. Maeneo ya mapumziko ya barabarani hutofautiana kwa jimbo. Kambi za kulipia zina umeme wa ampea 30 au 50, na ukiweka nafasi omba ile ya kupita moja kwa moja, usihitaji rivasi wala kuitenganisha karavani. Kwenye viwanja vya malori, usichukue nafasi ya lori refu. Yule dereva saa zake za sheria zimeisha na hana pa kwenda, na uwezekano wa kuwa ni Msomali, Mkenya au Mkongomani mwenzako ni mkubwa.

17. Rivasi inanishinda. Kuna siri?

Shika usukani kwa chini kabisa, pale mshale wa saa unapoonyesha dakika thelathini. Unakotaka mkia wa karavani uende, sogeza mkono upande huo. Polepole, na ukipotea songa mbele uanze upya. Asubuhi moja ya Jumapili kwenye maegesho ya kanisa au msikiti yasiyo na watu itakufundisha kuliko video kumi.

## Sheria

18. Ninahitaji leseni ya lori?

Kwa karavani yako binafsi, leseni ya biashara kwa kawaida haihitajiki. Lakini majimbo kadhaa yana leseni ya daraja A isiyo ya biashara kwa mchanganyiko mzito wa gari na tela. Texas huidai kama jumla ya viwango (GVWR ya pikapu na ya karavani) inazidi paundi 26,000 na kinachovutwa kinazidi 10,000. California huangalia karavani yenyewe: ya pini ikizidi 15,000 ni daraja A, kati ya 10,001 na 15,000 ni kibali cha ziada. Kinachoangaliwa ni uzito ulioandikwa kwenye kibandiko, hata ukivuta ikiwa tupu. Fuata sheria za jimbo lililokupa leseni.

19. Na nikilipwa kumpelekea mtu karavani yake?

Hapo umeingia biashara, na kila kitu kinabadilika. Ukivuka majimbo na gari au mchanganyiko unaozidi paundi 10,000 utahitaji namba ya USDOT (ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani), cheti cha afya na bima ya biashara. Viwango vya jumla vikifika 26,001 na tela likizidi 10,000, ni CDL, yaani leseni ya biashara, ya daraja A. Tena, tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva wa biashara asiyeweza kuzungumza Kiingereza cha kutosha na mkaguzi anaweza kuzuiwa kuendelea papo hapo. Kuna jamaa wanaofanya kazi hii kimyakimya kwa bima ya familia. Siku ya ajali ndiyo watajua kwamba hawakuwa na bima.

## Mambo ya pembeni

20. Tunakwenda Minnesota Desemba. Dizeli huganda kweli?

Huganda. Nta iliyomo hutengana kwenye baridi na kuziba filta. Sheli za kaskazini huuza mchanganyiko wa majira ya baridi, tatizo ni tangi ulilolijaza Texas. Panga mafuta yako ya kusini yawe yamekaribia kuisha unapoingia kwenye baridi, na uongeze dawa ya kuzuia kuganda kabla, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo hazirudishi kilichokwisha kuganda. DEF nayo huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, ila gari lina kifaa cha kuiyeyusha, usihangaike. Mabomba ya karavani ndiyo ya kuhangaikia.

21. Fundi anasema niondoe vichujio vya moshi, gari litakuwa na nguvu.

Sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza, warranti inakufa, na majimbo yanayopima moshi hayatakupa cheti. Kama tulivyoona kwenye swali la 3, nguvu haikuwa tatizo lako tangu mwanzo.

22. Nikirudi nyumbani naweza kuisafirisha pikapu hii?

Kenya haipokei usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala gari lililozidi miaka minane. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, hivyo usukani si kikwazo. Kikwazo ni mafuta: injini hizi zimetengenezewa dizeli ya Marekani yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 50. Vile vichujio vya swali la 21 havitafurahi, na DEF utaitafuta mji mzima. Iuze huku, ununue Land Cruiser kule.